Yule Mama Tuliyemwita Foreman

Jina lake nilikuwa nalijua. Nililiandika kwenye orodha za zamu kwa miaka kumi na tisa, lakini sikumbuki kulitamka hata siku moja. Alikuwa Foreman. Wapakiaji walimwita Foreman, madereva wa lori walimwita Foreman, na mama aliyeuza uji langoni alimwita Foreman huku akimwongezea sukari bila kuulizwa. Hata mume wake, fundi wa reli aliyeacha kazi mapema kwa sababu ya mgongo, alipiga simu ofisini siku moja akasema, "Nipatie Foreman. Ama mwambie tu ufunguo uko kwa jirani."

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, hapa Nakuru, upande wa viwanda. Sasa kimeuzwa na mabati yake yamepakwa rangi nyingine. Mimi nilikuwa karani. Watu wa chini, waliopika na kukata na kupakia, walisema Kiswahili. Wakubwa wa juu walitaka kila kitu kwa Kiingereza. Kwa hivyo kila kilichosemwa chini kilipitia kwenye vidole vyangu kabla hakijapanda ngazi. Mwanzoni niliona ni heshima. Baadaye niliona ni uchovu tu, kama uchovu mwingine wowote.

Foreman hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mfupi, mabega yamenyooka, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye kilemba. Koti lake la kazi lilikuwa la kijivu, na mikono yake aliikunja mara mbili kwa sababu stoo haikuwa na saizi ya mwanamke. Miaka mingi ikapita, stoo ikaleta saizi yake. Akamgawia mpakiaji mgeni, akasema lile kubwa limeshamzoea.

Sabuni aliijua kwa ulimi. Watu wa maabara walikuwa na chupa zao na karatasi za kubadilika rangi, lakini kabla sufuria haijamwagwa kwenye fremu za kugandishia, Foreman alichukua kipande kidogo, akakipuliza kipoe, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiuma, kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ilikuwa bado haijaiva ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kuendelea. Kisipouma, alitema pembeni, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Mwaga." Nilimwona akibishana na mtu wa maabara mara nyingi. Sikumwona akishindwa.

Alikuwa na maneno yake. Kwa wenye pupa alisema, "Sabuni haina haraka, wewe ndio una haraka." Kwa waliomtania kuhusu uanamke wake alisema, "Sufuria haiulizi nani anaikoroga." Na mtu akifanya kosa halafu aanze kueleza marefu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Umemaliza? Haya, sasa rudi ukafanye ile kazi."

Kuhusu hicho cheo chake, nilisimuliwa na watu walionitangulia. Alipopandishwa kutoka meza ya wapakiaji, meneja wa wakati ule, mzee mpole wa kuvaa tai hata Jumamosi, alitaka kumfurahisha. Alimwandalia kibao cha mlangoni kilichoandikwa Forelady. Foreman alikiangalia.

"Aliyekuwa hapa mbele yangu aliitwa nani?"

"Foreman."

"Na kazi ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Basi rudisha kile cha zamani. Mkiniita lady, mtanisikiza kama lady."

Kibao cha zamani kikarudishwa. Kilikuwa na ufa katikati, na hakikubadilishwa.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo aliwafungulia wanawake wengine njia. Hakuwa hivyo, na sitaki kumpamba. Kwa muda mrefu hakukubali mwanamke mwingine aingie chumba cha kupikia. Walipomwomba alisema, "Sitaki kupelekea mama ya mtu habari mbaya," na aliendelea kuchukua wanaume, ambao pia walikuwa na mama zao. Wasichana wa meza ya kupakia walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Ukija na kucha ndefu alikupa mkasi mbele ya watu. Lakini msichana huyo huyo akiugua, Foreman ndiye aliyefika kwake Jumapili na maziwa na unga, akakaa dakika kumi bila kuongea mengi, akaondoka.

Huko kwao Section 58 akina mama wa kanisa walianzisha kikundi cha kusaidiana wakati wa misiba, wakamchagua awaongoze. Kwa Kiswahili alikuwa mwenyekiti, na hakukuwa na shida. Shida ilianza katibu alipotaka kuandika barua ya kuomba ukumbi, barua yenyewe kwa Kiingereza. Katibu aliandika Chairlady. Foreman akakataa kutia sahihi, akataka Chairman. Wenzake wakasema hapana, wao si wanaume, na hawawezi kuongozwa na man. Walivutana mwezi mzima juu ya herufi chache. Mwishowe mama mmoja mzee akasema waandike Chair peke yake. "Kwa hivyo tunaongozwa na kiti," akasema mwingine, na wote wakacheka, hata Foreman, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Barua ikaenda hivyo.

Kiingereza chake hakikuwa cha shule. Aliishia kidato cha pili. Kile alichokijua alikiokota kwenye mafaili ya zamani ya kiwanda, barua za watu waliokwisha kuondoka, akizisoma saa ya chakula huku kidole kikitembea chini ya mstari. Kwa hivyo kilikuwa Kiingereza kigumu, cha tai na koti. Na ndicho alichonifundisha mimi.

Nilikuwa nimetoka tu kwenye chuo cha uhazili hapa mjini. Wiki ya kwanza nilipewa nichape kanuni za kazi: mfanyakazi akichelewa itakuwaje, akipoteza glavu itakuwaje. Nikakwama, kwa sababu Kiswahili hakikuulizi mfanyakazi huyo ni wa kiume au wa kike. Unasema akichelewa, inatosha. Kiingereza kinataka uamue. Nikamfuata Foreman kule chini.

"Hapa niandike he ama she?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Andika he. He ni ya kila mtu. Kwa Kiingereza cha ofisi, Karani, he si mwanaume. Ni cheo."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikiwa hapa ni he. Nikifika nyumbani ndio nakuwa she, na hapo nafika nimechoka."

Nilicheka. Yeye hakuwa anatania. Nikaandika he, na nikaendelea kuandika he, mpaka vidole vyangu vikazoea kufanya hivyo bila kuniuliza.

Niliyoyasimulia mpaka hapa ni ya kumkumbuka mtu kwa wepesi. Yafuatayo si mepesi, lakini bila hayo picha hii itakuwa ya uongo.

Miaka tisa iliyopita, meneja wa zamu alienda Naivasha kumzika shemeji yake. Siku mbili ambazo hakuwepo, nafasi yake ilishikwa na Injinia. Ndivyo tulivyomwita, msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa amefika kutoka Nairobi miezi michache tu. Hakuna barua iliyoandikwa kwamba anashikilia. Aliambiwa tu kwa mdomo, akakaa kwenye kile kiti.

Siku ya pili, Foreman aliona valvu ya bomba la kostiki inavuja. Alienda kwa Injinia akamwambia. Injinia alisema waendelee mpaka zamu iishe, fundi ataangalia jioni. Baada ya saa moja Foreman akarudi, akamwambia sasa inavuja zaidi. Akajibiwa vile vile. Akarudi chini, akawaambia wapishi wake, "Nimeambia ofisi. Wamesema tuendelee. Mtu yeyote asisimame karibu na hilo bomba."

Mmoja wa wapishi alikuwa Barasa, baba wa watoto wawili, mkaazi wa Free Area, mtu wa kuimba akifanya kazi. Alipita karibu na bomba kuchukua mwiko. Kiungo kikaachia. Kostiki ya moto ilimpata mkono wa kulia mpaka begani, na upande mmoja wa uso. Foreman ndiye aliyemshika na kumweka chini ya mfereji, akamshikilia hapo kwa nguvu huku Barasa akipiga kelele, na yeye mwenyewe akaungua viganja. Kisha wakampeleka hospitali. Jicho moja halikupona.

Alasiri hiyo Foreman alipanda kwangu aandikishe taarifa. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji. Aliketi, akasema kwa Kiswahili, polepole, nami nikichapa kwa Kiingereza moja kwa moja, kama tulivyofanya siku zote.

"Nilimwambia meneja wa zamu kwamba valvu inavuja," alisema. "Akaniambia tuendelee. Nikarudi mara ya pili. Akaniambia vile vile."

Nikaandika: I told the shift manager. He told me to continue. Sikusimama hata kidogo. Nilikuwa najua meneja wa zamu yuko Naivasha. Nilikuwa nimemwandikia ruhusa yake ya kwenda. Nilijua Injinia yuko kwenye kile kiti; nilikuwa nimempelekea chai asubuhi. Yote hayo niliyajua, na vidole vyangu vikaandika He, mara mbili.

Alisoma. Kwa vile hakuweza kutumia kidole, alisogeza karatasi karibu na uso. Nakumbuka macho yake yalisimama mahali fulani katikati. Kisha akashika kalamu kati ya bandeji mbili, akatia sahihi.

Baada ya wiki mbili walikuja watu watatu kutoka makao makuu. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano, na mimi niliitwa kuandika kumbukumbu. Meneja wa zamu alileta programu ya mazishi, na picha kwenye simu akiwa amesimama kando ya kaburi. Mkubwa wao akaweka taarifa mbele ya Foreman.

"Umesema meneja wa zamu alikwambia uendelee. Umesema he. Mwanaume huyu alikuwa Naivasha."

"Si yeye," Foreman alisema. "Ni aliyekuwa kwa kiti. Ni Injinia."

"Hapa umesema he."

"He ni cheo."

Walitazamana. Mmoja wao alitabasamu, si kwa ubaya, vile mtu anavyomtabasamia mzee. Mkubwa akasema kwamba Foreman sasa anabadilisha maneno kwa sababu yule wa kwanza ameonekana hakuwepo. Injinia aliulizwa. Alikuwa ameketi mwisho wa meza. Alisema, "Sikupokea ripoti yoyote ya maandishi kuhusu valvu." Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza kama alipokea ya mdomo.

Na mimi nilikuwa hapo. Nilipaswa kusema sentensi moja: kwamba Foreman hakusema he wala she, kwamba alisema akaniambia, na kwamba hilo neno nililiweka mimi. Kandarasi yangu ilikuwa inakaribia mwisho na ilikuwa bado haijafanywa upya. Mama yangu alikuwa hospitalini. Hizo ni sababu, na nimezirudia kichwani mpaka zimechakaa. Niliinama nikaandika kumbukumbu. Niliandika kwamba Foreman alibadilisha maelezo yake. Nilitamani anitazame, niweze kuona chuki yake nijue ukubwa wake. Hakunitazama.

Waliandika kwamba aliendesha kazi kwenye bomba bovu kwa uamuzi wake mwenyewe, kisha akamsingizia mkubwa asiyekuwepo. Kwa sababu ya miaka yake mingi hawakumfukuza. Walimrudisha kwenye meza ya kupakia, alikoanzia. Na mtu fulani wa ofisi akaenda hospitali akamwambia Barasa hivyo hivyo: kwamba hakuna ofisi iliyoruhusu, ni Foreman wako tu. Barasa aliamini. Angeaminije vingine, karatasi yenye sahihi ya Foreman ilimtaja mtu aliyekuwa Naivasha.

Injinia hakukaa. Kabla ya kuondoka alikuja kwenye meza yangu, macho yamevimba.

"Ile statement," alisema. "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

Alifungua mdomo kana kwamba kuna jambo kubwa linakuja. Kisha akasema, "Sawa," akaenda. Nasikia yuko Nairobi, ana watoto.

Mwaka uliofuata ulikuja waraka kutoka makao makuu kuhusu vyeo. Kuanzia tarehe fulani hakuna foreman, kuna supervisor. Hakuna watchman, kuna guard. Chairman wa ushirika awe chairperson. Na mfanyakazi yeyote asiyetajwa kwa jina aandikwe they. Nilibandika waraka huo ukutani na mikono yangu. Wanaume walichekelea, mmoja aliuliza kama na manhole ya pale nje itabadilishwa jina. Mimi sikucheka. Waraka ulikuwa na haki, naamini hivyo mpaka leo. Binti wa jirani yangu aliomba kazi ya chumba cha kupikia kwa sababu tangazo halikusema man tena, akaipata, na aliifanya vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilisimama pale na pini mkononi nikafikiria kwamba karatasi hii ingefika miezi kumi na mitano mapema, ningechapa they, na mtu angelazimika kuuliza they ni akina nani.

Foreman alikuja kuusoma saa ya chakula. Alichukua muda wake.

"They," alisema. "Mtu mmoja?"

"Ndiyo. Ili kusiwe na he ama she."

"Kwa hivyo sasa mimi ni wengi." Alifikiri kidogo. "Ni sawa. Wengi huchoka polepole."

Kwenye meza ya kupakia alifanya kazi miaka minne, mpaka akastaafu. Hakulalamika, wala hakupunguza mwendo. Supervisor mpya alikuwa kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe, na kijana huyo alipomwita Foreman wote wawili waliona haya. "Niite mama tu," alimwambia. Lakini wengine hawakuacha. Barasa aliporudi kuchukua barua zake za kuondoka, alipita mbele ya ile meza, mkono umekauka, miwani myeusi usoni. Foreman alisimama, sabuni mkononi. Barasa alipita kama anayepita ukuta. Foreman akaketi, akaendelea kupanga miche ya sabuni kwenye katoni. Alipanga mpaka katoni ikajaa, akaifunga, akavuta nyingine. Siku hiyo nilienda chooni nikalia, kisha nikanawa uso na ile sabuni yetu.

Mwaka jana kiwanda kiliuzwa na wengi wetu tukaachishwa kazi. Nilipokuwa natoa vitu vyangu mezani niliikuta nakala ya ile taarifa. Nilikaa nayo nyumbani miezi kadhaa. Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye hili jua la vumbi, niliketi nikaiandika upya, kwa Kiingereza kile kile, kila sentensi ilivyokuwa, isipokuwa palipokuwa na He. Hapo niliandika She, the engineer acting in the place of the shift manager. Chini yake nikaongeza kwamba mimi, karani, ndiye niliyekosea kutafsiri, na kwamba nilinyamaza kwenye kikao. Nikatia sahihi yangu. Kisha nikaenda Section 58.

Alikuwa ameketi nje ya mlango, miguu imevimba, ameiweka juu ya kigoda. Redio ya mume wake ilisikika ndani. Kilemba chake hakikuwa na kalamu.

"Karani," alisema. "Umekonda."

"Nimeachishwa, Foreman."

"Nilisikia. Keti."

Nilimpa karatasi bila kueleza. Aliomba miwani yake dirishani, akasoma, kidole chini ya mstari. Alisoma yote, pamoja na mahali nilipojitaja.

"Nilikuwa nimeona," alisema hatimaye.

"Uliona nini?"

"Ile He. Siku ile. Nilisimama hapo nikaiangalia. Nikasema, ah, si mimi ndiye niliyemfundisha. Nikatia sahihi." Alivua miwani. "Nilidhani watafungua daftari la zamu waone nani alikuwa kwa kiti. Kumbe walikuwa wanatafuta mwanaume."

"Ningesema kwenye kikao. Sikusema."

"Hukusema," alikubali. Hakunisaidia kulibeba hilo, wala hakuliongezea uzito. Ndani redio ilikuwa ikisoma bei za mahindi.

Nikamwambia naweza kuipeleka ofisi ya kazi, au kwa wale wa makao makuu, popote walipo sasa. Alitikisa kichwa.

"Nani ataisoma? Kila mtu ameshahama. Mimi mwenyewe nimeshahama." Akaikunja mara mbili. "Kuna mtu mmoja tu nataka aisikie. Unajua anakoishi?"

Nilijua. Ni mtaani kwangu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikizunguka barabara ya nyuma nisipite mbele ya duka lake.

Tulichukua tuktuk. Barasa ana duka dogo la chakula cha kuku, magunia yamepangwa mpaka mlangoni, na ameketi kati yake na mkono wake mbovu mapajani. Alitutazama kwa lile jicho moja.

"Mathe," alimwambia yeye. Alimwita mama tu, hakusema Foreman. "Karani. Karibuni."

Mke wake alitoa viti viwili. Foreman aliketi kwa shida, akanipa karatasi. Nilimwambia Barasa kuna kitu nilikosea mimi, cha siku ile, nataka asome.

"Hii ni Kizungu ndefu," alisema. "Na hii jicho inachoka. Nisomee kwa Kiswahili."

Nikaanza kumsomea. Niligeuza sentensi moja moja kama nilivyofanya kazi yangu yote, ila sasa kwa kurudi nyuma. Kwamba Foreman aliona valvu inavuja. Kwamba alienda kwa aliyekuwa kwenye kiti cha meneja wa zamu. Kwamba alimwambia inavuja.

"'Akaniambia tuendelee,'" nikasoma, kwa mazoea nikiruka mahali nilipomtaja Injinia. "'Nikarudi mara ya pili. Akaniambia vile vile.'"

"Nani?" akauliza Barasa.

Nilisimama hapo hapo. Lilikuwa swali jepesi, la mtu anayesikiliza hadithi. Mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza, alasiri ile, kabla kidole hakijagusa herufi.

"Injinia," alisema Foreman. "Yule msichana."

Mteja alifika, akataka kilo mbili za chakula cha vifaranga, na mke wake akampimia. Mteja akaondoka.

"Na ulimwambia mara mbili," alisema Barasa.

"Mara mbili."

"Mimi niliambiwa hukuenda kokote."

"Najua ulichoambiwa."

Alivua miwani yake, akajifuta uso wote kwa mkono wa kushoto, upande mzima na upande ulioungua.

"Ni huyo msichana alinipeleka hospitali," alisema. "Hukujua? Kwa gari yake. Sikuwa naona kitu, lakini nilikuwa namsikia. Alilia njia yote. Alikuwa ananiambia pole, pole, kila kona. Miaka hii yote nikimfikiria nasema, angalau kulikuwa na mtu mmoja pale wa huruma."

Nilimtazama Foreman. Alikuwa ameshika magoti yake kwa vile viganja vyenye makovu, na nilijua angeweza kusema chochote na angekuwa na haki.

"Ilikuwa huruma," alisema. "Hiyo usiitupe. Ilikuwa huruma pia."

Kisha akamwomba mke wa Barasa maji ya kunywa, kwa sababu jua lilikuwa kali na alikuwa ametoka mbali.